Afya ya Mwanafunzi na Sifa ya Shule

Watazame watoto wanapocheza shule uani, jioni, wakishavua sare. Mmoja hujiteua kuwa mwalimu, wengine huketi chini juu ya gunia au kanga kuukuu. Kabla hajaandika chochote ukutani kwa kipande cha mkaa, mwalimu huyo mdogo hutafuta fimbo. Huita majina, huwahoji waliochelewa, huwapanga wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho huchapwa. Mchezo huu watoto hawakuutunga wao. Wameuokota kwetu na kwa walimu wao, na wanaurudia kwa uaminifu unaotia hofu. Sijapata kuona mchezo wa namna hiyo ukiwa na mwalimu anayegawa uji, wala anayemuuliza mwenzake kwa upole kwa nini jana hakuja.

Watoto hutuambia kwa michezo yao kile tunachokithamini. Sisi wazazi tumeizoea shule inayopimwa kwa kitu kimoja, nacho ni ufaulu. Tukienda kutafuta nafasi ya darasa la kwanza, tunauliza shule imekuwa ya ngapi mkoani. Tukiitwa mkutanoni, tunasubiri matokeo yasomwe, na yakishasomwa nusu yetu tunaanza kuondoka hali ajenda ya chakula na vyoo haijaguswa. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, likisema utaratibu huo hauna tija. Uamuzi ule ulikuwa wa busara. Lakini wapo wazazi waliolalamika kana kwamba wamenyang'anywa haki yao, na shule zikaendelea kujipanga zenyewe kwenye mabango na matangazo.

Mwalimu mkuu naye ni binadamu. Hulinda kile atakachoulizwa. Kama hakuna mzazi wala ofisa atakayemuuliza watoto wamekula nini, na kila mtu atamuuliza wangapi wamepata daraja la A, basi kipindi cha michezo kitamezwa na hisabati, watoto wa darasa la mtihani wataitwa shuleni kabla jua halijachomoza, na Jumamosi itageuka siku ya masomo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Katika shule zetu nyingi za mijini, zenye uwanja uliomegwa ukajengwa fremu za maduka, dakika hizo hazipo, na hakuna mzazi aliyewahi kurudi nyumbani na hasira kwa sababu hiyo.

Tuelewane hapa kuhusu maana ya shule yenye afya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na UNESCO walitoa vigezo vinane vya kimataifa kwa shule inayojenga afya ya wanafunzi wake: sera na rasilimali za serikali, sera na rasilimali za shule yenyewe, uongozi, ushirikiano na jamii, mtaala, mazingira ya mahusiano na hisia, mazingira ya majengo na viwanja, na huduma za afya. Huduma za afya, yaani sanduku la huduma ya kwanza, muuguzi na chanjo, ni kigezo kimoja tu kati ya vinane. Vilivyobaki vinahusu namna watu wazima wanavyoishi na watoto kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya kuondoka, na sisi wazazi tumo ndani yake.

Tumbo la mtoto ndilo la kwanza. Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akapanda daladala akiwa amesimama, kisha akakaa darasani hadi alasiri bila kutia kitu kinywani, hawezi kufundishika hata apewe mwalimu hodari kiasi gani. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, wazazi wengi tulielewa kwamba tumetuliwa mizigo yote. Haikuwa hivyo. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulifafanua majukumu ya kila upande, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa kikabaki mikononi mwa mzazi. Hata hivyo, hadi leo ukitajwa mchango wa chakula mkutanoni, utasikia mtu akisema kwa sauti kwamba serikali ilishasema elimu ni bure.

Ukichunguza shule ambazo watoto hula na zile ambazo hawali, mara nyingi utazikuta zina wazazi wa kipato kilekile. Tofauti huwa ni imani. Pale panapopikwa makande kila siku, utakuta karatasi imebandikwa nje ya stoo: mahindi madebe mangapi yameingia, maharage kilo ngapi, yaliyopikwa wiki hii, yaliyobaki, na nani kapokea ufunguo. Mzazi anayepita kumchukua mtoto huisoma. Mahali ambapo mahindi huingia stoo na habari zake zikaishia humo, mwaka wa pili hakuna anayeleta debe, na siwezi kuwalaumu. Kamati ya shule ikitaka mchango, ianze na karatasi hiyo.

Kuna jambo moja linalofanyika katika baadhi ya shule ambalo halina utetezi wowote. Mtoto ambaye mzazi wake hajachangia huambiwa akae kando wakati wenzake wanakula. Sufuria linafunuliwa mbele yake, harufu inamfikia, naye anajifanya anachora ardhini kwa kijiti. Deni ni la mtu mzima, adhabu inamwangukia mtoto. Mdaiwa aitwe, afuatwe nyumbani, aitwe hata mbele ya serikali ya mtaa, lakini mtoto apewe sahani. Jijini Nairobi, katika mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023, mzazi huchangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo kwa njia ya simu, na mtoto hugusisha kikuku alichovaa mkononi kisha akapokea chakula chake. Gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na washirika wake. Fedha haipiti mkononi mwa mtoto, na hakuna anayeitwa jina mstarini kwa sababu ya mfuko wa baba yake. Hata bila vikuku, daftari la michango linaweza kukaa ofisini, pasipo kusomwa mbele ya watoto.

Wakati huohuo, wengi wetu tunaosema hatuna uwezo wa kuchangia tunampa mtoto shilingi 500 kila asubuhi za kununua getini. Kwa siku 20 za shule, hizo ni shilingi 10,000 kwa mwezi, na zinaishia kwenye barafu za rangi, kachori zilizokaangwa kwa mafuta yaliyochemshwa mara nyingi, na pipi. Simlaumu mama anayeuza pale. Naye anatafuta ada ya wanawe. Kamati inaweza kukaa naye, ikampa nafasi ya kuuza ndizi, machungwa, mihogo ya kuchemsha na karanga, na ikamwelekeza kufunika vyakula vyake. Ila mtoto aliyezoeshwa nyumbani kwamba soda ndiyo zawadi na matunda ni chakula cha mgonjwa, hataigusa ndizi hiyo.

Baada ya chakula, maji na vyoo. Kiwango kinachotumika Tanzania ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Mzazi yeyote anaweza kuhesabu matundu ya shule ya mwanawe kwa dakika tano, agawanye, apate jibu. Wengi hatujawahi kufika nyuma ya madarasa. Tungefika, tungejua kwa nini binti zetu hurudi nyumbani na chupa ya maji ikiwa imejaa kama ilivyotoka asubuhi: hawanywi ili wasihitaji kwenda kule. Msichana aliyevunja ungo anahitaji zaidi ya taulo za kike. Anahitaji mlango unaofungwa kwa ndani, maji humohumo, mahali pa kutupa alichotumia, na mwalimu wa kike anayeweza kumwendea bila aibu. Shule isiyo na hayo humpoteza siku kadhaa kila mwezi, kisha mwisho wa mwaka ikamwita mzembe.

Si mambo yote haya yanayongoja wafadhili. Kibuyu chirizi hutengenezwa kwa kidumu cha lita tano kilichotobolewa karibu na mdomo, kikatundikwa kwenye mti wa kukingama, kikafungwa kamba inayoshuka hadi kijiti cha kukanyaga. Sabuni hutobolewa katikati, ikaning'inizwa kando yake kwa uzi ili isiibiwe wala isizame topeni. Ukikanyaga, maji yanakuja na mikono haigusi kidumu. Gharama yake ni ndogo mno. Kinachokosekana ni mtu wa kukijaza maji kila asubuhi, na hapo ndipo utaona shule ina uongozi au haina. Nimeona vibuyu chirizi vingi vilivyotengenezwa vizuri kwa ajili ya ugeni fulani, vikabaki vimekauka, kamba zimekatika, kijiti kimeng'olewa.

Yapo na mengine ya kupita haraka. Mtoto wa nyuma ambaye haandiki huenda haoni ubao. Chati ya herufi ikitundikwa mita 6 kutoka anaposimama itamtambua kabla hajapewa jina la bwege. Siku ya dawa za minyoo na kichocho, mzazi ahakikishe mtoto amekula kabla ya kumeza. Na chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018, ipokelewe bila woga. Wapo wazazi waliowaficha binti zao siku ya chanjo kwa sababu ya uvumi kwamba sindano hiyo inafunga uzazi. Uvumi huo si kweli, na saratani hiyo inaua wanawake wengi nchini kuliko saratani nyingine yoyote.

Sasa nirudi kwenye fimbo, kwa kuwa ustawi wa mtoto ni pamoja na kile anachobeba kifuani. Kenya iliipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza pia kumtesa mwanafunzi kiakili. Tanzania Bara bado inairuhusu, lakini kwa mipaka: kanuni za mwaka 2002 zinataka isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu maalumu. Anayejua shule zetu anajua mipaka hiyo inavyovukwa kila siku, na wengi wanaoivuka wametumwa na sisi. Ni sisi tunaompeleka mtoto hadi ofisini na kumwambia mwalimu, mbele yake, "Mchape tu, mimi nimekuruhusu." Mtoto huyo akionewa kesho na wakubwa zake bwenini, au akiguswa vibaya na mtu mzima, atamwambia nani? Ameshasikia kwa masikio yake kwamba baba na mwalimu wapo upande mmoja, na yeye upande wa pili.

Sisemi watoto waachwe. Nyumba isiyo na utaratibu humuumiza mtoto vilevile. Nidhamu inadai kazi zaidi ya fimbo: kumwekea mtoto saa ya kulala na kuifuata, kumrudisha akaombe radhi kwa jirani, kumfanya atengeneze alichovunja, kumnyima alichozoea hadi atimize alichoagizwa, na kufanya hivyo leo, kesho na keshokutwa bila kuchoka. Fimbo humalizika kwa dakika moja, na ndiyo maana tunaipenda tukiwa tumechoka. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba nusu ya matatizo ya afya ya akili ya maisha yote huanza mtu akiwa na miaka 14 au chini ya hapo. Huo ndio umri wa darasa la saba na kidato cha kwanza, umri ambao wengi tunasema mtoto "amekuwa jeuri" na kuacha kumsikiliza. Shule inayotaka kutambuliwa kwa ustawi wa wanafunzi wake impe mwalimu wa unasihi muda kwenye ratiba na chumba chenye mlango. Jina lake kubandikwa kwenye ubao wa matangazo halitoshi.

Kwa nini nazungumzia kutambuliwa? Kwa sababu shule, kama mtoto, hukua kuelekea inakosifiwa. Jiji la London lilianzisha mwaka 2013 mpango wa shule zenye afya wenye tuzo za shaba, fedha na dhahabu, na mpangilio wake una jambo la kujifunza. Ili ipate shaba, shule hujikagua yenyewe na kuonyesha kwamba imetimiza mambo ya msingi: chakula, mazoezi, usalama, afya ya hisia. Kwa fedha, hutazama wanafunzi wake ni akina nani na wanasumbuliwa na nini hasa, kisha huandaa mpango wa kushughulikia tatizo hilo. Dhahabu hutolewa pale tu inapoonyesha kwamba mpango umeleta mabadiliko kwa watoto. Kwa hiyo shule haizawadiwi kwa kuwa na majengo mazuri. Huzawadiwa kwa kuwajua watoto wake na kuwabadilishia hali.

Sisi pia tunayo mahali pa kuanzia. Wizara ya Afya ya Tanzania huendesha mashindano ya kitaifa ya afya na usafi wa mazingira. Tunayo mashindano ya michezo, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ingawa huko husifiwa wenye mbio na vipaji, na mtoto mnene anayeona haya kukimbia hubaki akishangilia wenzake. Halmashauri inaweza, kwa gharama ya karatasi na siku moja ya sherehe, kutoa cheti kwa shule ambayo kila mtoto hula, kila mtoto hucheza, na hakuna mtoto anayeogopa kuja.

Cheti hicho kitakuwa na thamani kutegemea nani anakagua na anakagua nini. Tunaufahamu usafi wa mgeni rasmi: mawe yanapakwa chokaa, vyoo vipya vilivyofungwa kufuli mwezi mzima vinafunguliwa, watoto wanafundishwa wimbo. Mkaguzi aje siku isiyo na taarifa, katikati ya wiki. Aombe daftari la mahudhurio aone wasichana wanakosa siku zipi, daftari la stoo, kitabu cha adhabu, na orodha ya waliopelekwa zahanati na sababu zake. Kisha awape wanafunzi karatasi zisizo na majina waandike mahali gani shuleni wanapaogopa. Shule inayoanza leo ichague jambo moja tu, tuseme maji ya kunawa, iandike hali ilivyo sasa, ilifanyie kazi kwa muhula mmoja na kuandika tena. Kumbukumbu za namna hiyo hazina mapambo, lakini ndizo zitakazomshawishi ofisa elimu, mfadhili na mzazi mwenye mashaka.

Kazi hiyo yote itabomoka kama nyumbani tunavuta upande mwingine. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Je, mtoto anayetazama tamthilia pamoja nasi hadi saa tano usiku, kisha akaamshwa alfajiri, shule itamfanyia nini? Akifundishwa kunawa kwa sabuni na akamkuta baba akikaa kwenye sinia mikono haijaguswa na maji, atamfuata baba. Akiambiwa na mwalimu wa unasihi kwamba hasira huzungumzwa, halafu usiku akasikia ukutani jinsi baba na mama wanavyozungumza, atajua ni fundisho lipi la kweli. Machi 2023 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Tulihitaji waraka wa serikali utuambie kwamba mtoto wa miaka sita alale alipo mzazi wake. Sababu zetu tunazijua: kazi za mbali, foleni, zamu za usiku, ndoa zilizovunjika, na dada wa kazi tuliyemwachia kila kitu naye bado ni mtoto. Ni sababu za kweli, na ninaishi kati yake kama wengine. Haziondoi wajibu. Mzazi mwenye saa moja tu kwa siku aitumie hiyo moja akiwa na mtoto, simu ikiwa chumba kingine.

Wajumbe wanaowakilisha wazazi kwenye kamati ya shule huchaguliwa na wazazi wenyewe. Uchaguzi unapofika, mara nyingi ukumbi huwa mtupu, akinababa hawapo, na nafasi huenda kwa yeyote aliyebaki kwenye kiti. Safari ijayo tuhudhurie, baba na mama, na tumchague mtu aliyekubali kuhesabu matundu ya vyoo, kusoma daftari la stoo na kuuliza habari za kitabu cha adhabu. Kama hapatikani mwingine, ndugu msomaji, jitokeze wewe.